Skrubu Kumi na Mbili za Mlango wa Bakari

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa vitu vitatu: sumaku, kisu cha kukunja na glasi ya maji. Sumaku na kisu nilivitilia sahihi kwenye daftari la stoo. Glasi ile nilidhani ni ukarimu wa ofisi, na kwa kuwa nilikuwa nimetoka Msambweni alfajiri, nikayanywa maji yote kwa mkupuo mmoja. Mkuu wa Dhamana alinitazama kama anayemtazama mgeni aliyekunywa maji ya kunawia.

"Bi Mwanasha," akasema, "hayo yalikuwa ya kusukutulia. Kabla ya adhuhuri utajua kwa nini."

Nimestaafu sasa, na vijana wanaosomea magari vyuoni hunijia kuniuliza kazi yetu ilikuwaje zamani. Zamani yenyewe si ya mbali, ni miaka ya tisini ikielekea ukingoni, lakini nikiwaambia kwamba tulikuwa tukilamba magari hucheka wakashika mbavu. Basi nawaandikia, wacheke huku wakijua wanachokicheka.

Kampuni yetu iliuza magari ya safari, yale ya mraba yaliyopendwa na hoteli kwa kuwapeleka wageni mbugani. Mifupa yake ilikuwa chuma, ngozi yake alumini. Kila gari lilikuja na kitabu cha dhamana, na humo mtengenezaji aliahidi kwamba bati la bodi likiliwa kwa kosa la kiwandani kabla ya muda uliotajwa kwisha, atalibadilisha yeye. Likiliwa kwa uzembe wa mwenye gari, shauri yake. Kati ya kosa la kiwandani na uzembe wa mwenyewe ndipo alipokaa karani wa dhamana, na karani huyo nilikuwa mimi, mwanamke pekee katika karakana nzima ukimtoa mama wa chai.

Mkuu wa Dhamana alikuwa mzee mwembamba wa shati jeupe na kalamu tatu mfukoni. Asubuhi ile aliweka boneti juu ya meza akaniambia nibandike sumaku. Nikaibandika, ikaanguka. Nikaibandika tena, ikaanguka tena, na mafundi wakaanza kukusanyika.

"Hii ni nini?" akaniuliza.

"Sufuria," nikasema.

Mafundi waliangua kicheko. Yeye hakucheka. "Ndiyo," akasema. "Ni sufuria. Siku utakayosahau hilo, utaharibikiwa."

Niliona aibu kwa siku mbili. Laiti ningeyashika maneno yale kama nilivyoishika aibu.

Alinifundisha kwamba alumini haipati kutu nyekundu kama chuma, na ndiyo maana watu huapa kwamba hailiki. Hulika. Kutu yake ni nyeupe na laini, kama unga wa muhogo, na hukua chini ya rangi bila kuonekana mpaka rangi ivimbe malengelenge. Ukilipasua lengelenge kwa ncha ya kisu, unga humwagika. Hapo ndipo tulipofika kwenye ile glasi ya maji. Mkuu alichota unga kidogo kwa kisu, akauweka kwenye ncha ya ulimi, akafikiri, akatema.

"Ukionja chumvi kali," akasema, "gari limeoshwa kwa maji ya bahari au limeendeshwa ufukweni. Mtengenezaji hahusiki. Usipoonja chumvi, tafuta kosa la kiwandani. Maabara ziko ng'ambo, Bi Mwanasha. Huku maabara ni ulimi."

Nikalamba, nikasukutua, nikaajiriwa. Na kabla sijatoka mlangoni aliniongezea neno moja, ambalo alikuwa akilirudia kila alipomwona karani akiukimbilia mhuri: "Kwanza ujue kwa nini. Mhuri hauna haraka."

Baada ya mwaka mmoja na kitu nilihamishiwa tawi la Ukunda. Wenzangu wa makao makuu, kisiwani Mombasa, walinipa pole, kana kwamba nimefukuzwa mjini. Mimi nilifurahi kimoyomoyo, kwa sababu kutoka Ukunda hadi kwa mama yangu Msambweni hakuna kivuko cha kungojea.

Tawi lenyewe lilikuwa banda kubwa la mabati kando ya barabara ya kwenda Diani, na ofisi yangu ilikuwa chumba chenye dirisha linaloangalia karakana. Harufu ya thina na rangi mbichi ilikuwa ikiingia kwenye leso zangu, nikifika nyumbani mama husema, "Gari limerudi." Saa nne mama wa chai alileta mahamri na mbaazi, na hata Meneja wa Tawi, aliyekuwa mkali kwa kila jambo jingine, hakuthubutu kumwita mtu saa nne. Sijui kama karakana za leo zina saa nne. Nikipita naona vijana wanakula wamesimama, simu mkononi.

Dai moja lilikuwa kazi ya siku tatu. Kwanza nililipiga gari picha kwa kamera ya filamu, na rula pembeni ili ukubwa wa doa uonekane. Halafu nilijaza fomu kwa mkono, nakala tatu kwa karatasi ya kaboni: nambari ya chasisi, lini limeuzwa, lini limeletwa huduma, uharibifu uko wapi na umetokana na nini. Mwisho fundi alikata kipande cha bati, ukubwa wa kibiriti, nikakifunga kwenye kitambaa na kukipeleka Mombasa pamoja na filamu. Mkuu wa Dhamana alisoma, akapiga mhuri wa kukubali au wa kukataa. Mpaka mhuri upigwe, hakuna aliyegusa gari.

Msimamizi wa Karakana alikuwa Bwana Mutiso, mtu wa bara aliyekulia huku huku kwenye mashamba ya makazi yaliyogawiwa na serikali, baba yake akilima mahindi na korosho. Alikuwa fundi wa bodi mwenye mikono ambayo sijaona mfano wake. Bati lililokunjamana kama karatasi alilinyoosha kwa nyundo ya mbao mpaka usijue lilipogongwa. Kiswahili chake ndicho tulichokuwa tukimtania, naye alikuwa akitutania kwa uvivu wetu wa Pwani, mambo yakenda.

Wateja wetu wakubwa walikuwa hoteli za Diani. Moja kati yao, ambayo sitaitaja, ilikuwa na magari sita yaliyonunuliwa siku moja, yote ya rangi ya maziwa. Dereva wa gari la tatu alikuwa Bakari, mtu wa Majoreni, aliyenizidi umri kwa miaka kama kumi, kofia safi, maneno machache. Kila alipoleta gari kwa huduma, mafundi walivua viatu kwa utani kabla ya kuingia ndani. Lilikuwa safi kuliko chumba cha mtu. Alikuwa akikinga maji ya mvua kwenye mapipa nyuma ya jiko la hoteli, na maji hayo tu ndiyo aliyooshea gari, kwa sababu maji ya visima vya Diani yana magadi na chumvi. Mwenyewe ndiye aliyenieleza hivyo, na mimi nilimsikiliza kama unavyomsikiliza mtu anayemsifu mwanawe.

Siku moja gari hilo la tatu lililetwa na Afisa Usafiri wa hoteli mwenyewe, kijana kutoka Nairobi aliyevaa tai kwenye joto lile. Bakari alikaa kiti cha abiria, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Mlango wa upande wa dereva ulikuwa umevimba malengelenge sehemu yote ya chini, kama ngozi iliyomwagikiwa uji wa moto.

"Madam," Afisa Usafiri akaniambia, "hizi gari ni sita. Tulinunua siku moja, zinalala mahali pamoja. Tano ziko fiti. Moja imeoza. Si unaona hii ni mambo ya dereva? Anaiosha na maji ya bahari akiwa mvivu ya kuchota kisima."

"Wallahi dada," Bakari akasema, akiniangalia mimi, "sijamwaga tone la maji ya bahari juu ya gari hili. Wallahi."

Nililipasua lengelenge moja la katikati. Unga mweupe ukamwagika. Nikaweka kidogo ulimini, na chumvi ikanishika mpaka kooni.

"Bakari," nikasema, "ni chumvi."

"Dada, hapa Diani hata shuka za kitandani zina chumvi."

Ningelikuwa na akili siku ile, ningelisimama hapo hapo. Lakini nilikuwa karani mwenye sumaku, kisu na miaka mitatu ya kazi, na nililichukua jibu lake kuwa ni ufidhuli. Niliandika fomu mbele yake: uharibifu umetokana na matunzo mabaya, chumvi ya bahari imethibitishwa, madai yasikubaliwe. Mwandiko wangu ni mzuri. Niliufurahia nilipokuwa nikiandika.

Hoteli ilimsimamisha Bakari siku hiyo hiyo. Afisa Usafiri alisema wazi kwamba mhuri ukirudi kutoka Mombasa umekataa, watamwachisha kazi kwa uzembe na hatapewa barua ya sifa. Nanyi mnaosoma mwelewe miaka ile ilivyokuwa. Wageni walikuwa wamepungua baada ya zile vurugu za kabla ya uchaguzi huku Pwani, hoteli nyingine zilikuwa zimefunga milango kabisa, na dereva asiye na barua ya sifa hakuajiriwa kuanzia Tiwi hadi Shimoni. Alikuwa na mke na watoto wanne. Haya yote niliyajua, na nilikunywa chai yangu ya saa nne.

Gari lilibaki uani kwetu likingoja mhuri. Jumamosi ya wiki iliyofuata mama alinituma Ukunda sokoni na sufuria yake kubwa, ile ya pilau, iliyong'oka mkono. Palikuwa na fundi wa sufuria pale, Mzee Kassim, aliyekuwa akikaa chini ya paa la makuti na nyundo ndogo, na pembeni yake fungu la sufuria za watu, nyeusi kwa nyeupe. Nilikuwa na haraka. Nikatoa skrubu mbili nilizozichukua kazini, nikampa.

"Shikamoo, mzee. Nitilie hizi tu, ni imara."

"Marahaba. Hizi ni chuma," akasema, akazirudisha kiganjani mwangu. "Sufuria siitii chuma mimi."

"Kwa nini, mzee?"

Alivuta sufuria moja kuukuu kutoka kwenye fungu akaigeuza. Kulikuwa na msumari wa chuma uliopigwa na fundi mwingine, na kuuzunguka, duara jeupe la unga, bati limeliwa mpaka mwanga unapita. Sehemu nyingine ya sufuria ilikuwa nzima.

"Chuma na sufuria hazikai pamoja," akasema. "Zikishapata unyevu tu, chuma kinamla mwenzake. Chuma kinabaki kizima, sufuria inakwisha. Halafu mwenye sufuria anakuja kunigombeza kwamba mkewe anatia chumvi nyingi."

"Na chumvi je?"

"Chumvi inaharakisha. Lakini chumvi iko kwenye sufuria zote, mwanangu. Mbona nyingine haziliki?" Akaigonga ile kuukuu kwa ukucha, mahali pa msumari. "Kikulacho ki nguoni mwako."

Niliacha sufuria ya mama pale nikaondoka bila kuaga. Nilisikia akiniita, sikugeuka. Sumaku ilikuwa kwenye mkoba wangu, na Jumamosi karakana ilifungwa mchana, kwa hiyo nilimkuta mlinzi peke yake. Nilichuchumaa mbele ya mlango wa gari la Bakari nikaipitisha sumaku polepole kwenye ukingo wa chini, mahali pa alumini tupu, mahali ambapo haikupaswa kushika kitu. Ikashika. Nikaisogeza, ikaanguka; nikaisogeza kidogo tena, ikashika. Nilihesabu mara kumi na mbili. Nikabandua rangi kwa kisu, na chini ya kila mshiko palikuwa na kichwa cha skrubu ya chuma kilichofukiwa kwa pati ya kuzibia mashimo na kupakwa rangi, na kila kimoja kilikuwa na duara lake jeupe. Siku ile ya madai nilipasua lengelenge moja tu, la katikati, pasipo na skrubu. Sumaku sikuitoa mkobani kabisa, kwa sababu nilishajua hii ni alumini.

Mtengenezaji hatii skrubu za chuma mahali pale. Hutumia ribiti za alumini, yaani vipande vinavyopenya mabati mawili na kubanwa ncha, na kati ya ngozi na mifupa huweka ukanda wa mpira ili alumini na chuma visigusane. Basi nani alitia skrubu?

Nilifungua kabati la kadi za kazi. Kila gari lilikuwa na jalada lake, na kila tengenezo lilikuwa na kadi. Niliipata ya mwaka uliotangulia. Gari la tatu lilikuwa limeletwa na Bakari kwa sababu ngozi ya mlango ilikuwa ikigonga, ribiti zimelegea kwa mashimo ya barabara ya Shimoni. Stoo haikuwa na ribiti. Wageni walikuwa wakingoja kupelekwa Shimba Hills. Na chini, kwa mwandiko mzuri, palikuwa pameandikwa: ribiti hazipo, zitiwe skrubu za chuma kumi na mbili badala yake, ukanda wa mpira uliochakaa uondolewe. Karani wa mapokezi alikuwa likizoni wiki ile. Mwandiko ulikuwa wangu.

Niliketi sakafuni. Sina haya kusema kwamba nililia, na machozi yenyewe yalikuwa ya hofu kwanza. Ya huruma yalikuja baadaye.

Jumatatu nilimpelekea Bwana Mutiso ile kadi. Aliisoma mara mbili. Yeye ndiye aliyesema tutie skrubu, mimi niliandika tu, lakini kuandika ndiko kulikokuwa kazi yangu.

"Madam," akasema kwa sauti ya chini, "hii karatasi mimi nilikuwa nimeisahau. Na wewe pia unaweza kuisahau. Hoteli imeshasema ni dereva. Mtengenezaji hataki. Tukisema ni sisi, Meneja atatuchinja wawili."

"Bakari ana watoto wanne, Bwana Mutiso."

"Mimi niko na watano."

Sikumkasirikia. Ilikuwa kweli tupu, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeifikiria njia hiyo usiku mzima wa kuamkia Jumapili. Nilikwenda kwa Meneja wa Tawi. Aliniacha niseme mpaka mwisho, akatazama kadi, akatazama dirisha.

"Ripoti yako imeshaondoka," akasema. "Karani hawezi kuila ripoti yake mwenyewe. Rudi kazini."

Mchana niliomba ruhusa ya saa moja nikaenda Diani kwenye ile hoteli. Kulikuwa na magari matano yameegeshwa. Niliyapitia moja moja, nikafuta uvungu wa milango kwa kidole, nikalamba. Madereva walitoka kivulini wakaja kunitazama. Mmoja akasema kwa sauti, "Enyi, Bi Dhamana ana njaa leo!" wakacheka, na mimi nikaendelea. La kwanza, chumvi. La pili, chumvi. Yote matano yalikuwa na chumvi kali ileile, na mabati yake yote yalikuwa mazima. Miaka mitatu nilikuwa nikionja magari mabovu tu. Haikunijia hata siku moja kuonja zima.

Niliazimia kuvuka kwenda Mombasa kesho yake, Meneja atake asitake. Nilipofika ofisini asubuhi kuchukua kadi, nilikuta juu ya meza yangu kifurushi cha gazeti. Ndani yake kulikuwa na skrubu kumi na mbili, zimefunguliwa kwa ustadi bila hata mchubuko. Kupitia dirishani nilimwona Bwana Mutiso amenipa mgongo, anapiga msasa boneti ambayo haikuhitaji msasa.

Mkuu wa Dhamana alikuwa na fomu yangu mezani, mhuri kando yake, haujapigwa. Nikaweka kadi juu ya fomu na skrubu juu ya kadi. Alivaa miwani.

"Kadi hii nani ameandika?"

"Mimi."

"Na ripoti hii?"

"Mimi."

Feni ilikuwa ikipepea karatasi na yeye akizishika kwa vidole viwili.

"Na ya tatu ataandika nani?"

"Mimi, mzee."

"Keti uandike. Ulimi wako haukukosea, Bi Mwanasha, chumvi ilikuwepo. Ulilamba gari moja, ukahukumu mtu." Halafu akaongeza kwa sauti iliyonishangaza kwa upole, "Na mimi ndiye niliyekufundisha hivyo. Nimelamba magari miaka mingi. Sijui ni mangapi."

Niliandika kwamba uharibifu umetokana na tengenezo la karakana yetu, kwamba dereva hana kosa, na kwamba mlango ubadilishwe na tawi. Alipiga mhuri, akaniandikia pia barua ya onyo, na nyingine ya Bwana Mutiso. Yangu ninayo mpaka leo kwenye sanduku la leso. Siku hiyo hiyo alitoa agizo kwa matawi yote: hakuna kuonja gari bovu bila kuonja zima lililolala kando yake.

Barua ya hoteli niliipeleka mwenyewe. Afisa Usafiri aliisoma, akalegeza tai yake, akasema, "Sasa huyu mzee tutamwambia nini?" Nikamwambia nitamwambia mimi.

Majoreni nilifika baada ya sala ya adhuhuri. Nilipiga hodi, mkewe akanikaribisha, na Bakari alikuwa kibarazani akishona makuti ya kuezekea. Nilimpa shikamoo, na hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza, kwa sababu kazini nilikuwa nimezoea kumwita Bakari tupu. Akaitikia marahaba bila kuinua macho. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama: skrubu, kadi, mwandiko. Sikumtaja Bwana Mutiso. Nilimwambia kwamba alikuwa amesema kweli, na kwamba mimi nilimsikia nikakataa kumsikiliza, na nikamwomba radhi.

Alimaliza kuti lililokuwa mkononi, akaliweka juu ya mengine.

"Gari analiosha nani sasa?" akauliza.

"Liko kwetu uani. Halioshwi."

"Wiki mbili?" Akasimama. "Mama Fatuma, nipe kanzu yangu."

Alirudi kazini, akaliendesha gari lile mpaka hoteli ilipoliuza. Kuniamini mimi kulimchukua muda. Mwaka mzima alikuwa akileta gari kwa huduma, akasimama nyuma yangu nikiandika kadi, akaisoma neno kwa neno kabla ya kutia sahihi. Sikumlaumu. Nilikuwa nikiandika polepole ili aweze kufuata.

Baadaye nilihamishwa tena Mombasa, na Mkuu wa Dhamana alipostaafu niliketi kwenye kiti chake, nikawapa makarani wapya sumaku, kisu na glasi ya maji. Kisha zikaja mashine za kupima unene wa rangi, kompyuta, picha zinazofika ng'ambo kabla hujafumba macho. Ni mambo mazuri, siyabezi. Lakini mashine nazo, nimeona, huelekezwa kwenye gari bovu tu.

Bwana Mutiso alifariki kabla ya kustaafu, Mungu amrehemu. Siku niliyoagwa mimi, mameneja walisema maneno marefu, nikapewa saa ya ukutani. Halafu mtu wa kofia safi akainuka nyuma kabisa, hakuna aliyekuwa amemwalika isipokuwa mimi.

"Mimi ni Bakari," akasema. "Huyu mama ndiye aliyenisimamishia kazi." Akanielekezea kidole. "Na ndiye aliyekuja kunirudishia, mpaka nyumbani kwangu. Wa kunisimamisha nimepata wengi. Wa kuja nyumbani, huyu tu." Akakaa.

Ule mlango mbovu aliuomba siku tulipoubadilisha, akaupeleka Majoreni juu ya paa la gari. Sasa ni mlango wa banda lake la kuku. Nikienda kuwaamkia, mkewe hutaka kunifungia mayai, na Bakari hukataa kabisa kuinuka kitini.

"Nenda ufungue mwenyewe, Bi Mwanasha. Mlango wako huo."

Nami huenda. Huinama, nikavaa miwani, nikayatazama matundu kumi na mawili kwenye ukingo wa chini. Madoa meupe yapo, lakini hayajasogea hata unywele tangu siku skrubu zilipotoka. Huyakagua yote, moja moja, na kule kibarazani Bakari hunihesabia kwa sauti mpaka nifike la kumi na mbili.